Kutoka Migongo ya Ngara hadi Maziwa ya Milima ya Mwezi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuikita milima ili ardhi isiyumbe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Wasomaji wapenzi, tangu turudi safarini wazazi wa wilaya za Ngara na Biharamulo wameniuliza maswali mawili. La kwanza huulizwa hadharani: kuna faida gani kuwapeleka vijana wa Kiislamu wakapande milima ya nchi jirani, ilhali sisi wenyewe twakaa juu ya milima? La pili huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya watu kuondoka: je, ni kweli kwamba kijana mmoja alikaribia kufa? Nimeona yanipasa kuyajibu yote mawili hapa, pamoja na kulitaja kosa langu, ili atakayekuja nyuma yangu asilirudie.

WATU WA MIGONGO YA MILIMA

Mtu aliyefika Ngara ajua kwamba ile ni nchi ya migongo. Mlima mmoja umelala kando ya mwenziwe kama ng'ombe waliojipumzisha zizini, na kati yao mna mabonde ya mafunjo. Juu ni majani mafupi na mawe magumu; mitelemkoni ni migomba, mibuni na maharage. Mto Ruvubu waja kutoka Burundi, nao hukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Biharamulo iko chini zaidi, nayo ni nchi ya misitu na mbuga. Kwa hiyo watu wa Ngara huwatania wenzao wa Biharamulo kwamba miguu yao ni ya tambarare, na wa Biharamulo hujibu kwamba wa Ngara hawajui kukimbia mahali pasipo na mteremko. Ni utani wa majirani, wala hauna ubaya. Lakini nawaomba msomaji aukumbuke, maana utarudi mbele.

Vijana wetu walikuwa wanane, watano wa Ngara na watatu wa Biharamulo, wote wamepita umri wa miaka 18 na wamekwisha maliza shule ya sekondari. Waalimu tulikuwa wawili. Kwa miezi mitatu tulitembea kila Jumamosi juu ya migongo ya Ngara, kila mtu na shanta yake mgongoni. Mara ya mwisho tulilala nje nyusiku mbili, tukipika wenyewe na kuchota maji mabondeni. Humo ndimo tulimojifunza mengi: kwamba shanta ifungwe ikae juu ya nyonga isivute mabega; kwamba nguo kavu moja ifungwe ndani ya mfuko wa nailoni isiguswe mpaka usiku; na kwamba mwenye kwenda mbio asubuhi ndiye huketi njiani alasiri.

Aliyewashinda wote alikuwa kijana mmoja wa Biharamulo. Yeye ni mchezaji wa mbele wa timu ya mtaa wao, mwembamba, mwenye pumzi za punda milia. Tena ni hafidhi wa juzuu kadhaa, na sauti yake katika kisomo ni nzuri. Mama yake ni mjane auzaye maandazi karibu na kituo cha mabasi. Siku tuliyopita kumchukua, mama yule alinishika mkono kwa ncha ya mtandio wake, akasema, "Mwalimu, huyu ndiye mkono wangu wa kulia. Nimekukabidhi, nami nitakudai."

Mtume wetu (s.a.w.) alituagiza kwamba watu watatu watokapo safarini wamteue mmoja wao awe amiri. Nasi tukafanya hivyo, na wenzangu wakaniteua mimi. Kusema kweli niliiona heshima yake. Uzito wake sikuuona mpaka usiku wa tatu mlimani.

MAJI YA KWETU NA MAJI YA HUKO

Kwetu Ngara hakuna milima yenye theluji wala maziwa ya vileleni. Ili kuyaona hayo tulikwenda Rwenzori, milima iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, ambayo tangu zamani huitwa Milima ya Mwezi. Tulishika njia ya Bukoba na Mutukula, tukapita Masaka na Mbarara, hata tukafika Kasese.

Njia ile peke yake ni darasa. Daraja la Kyaka tulivuka Kagera, mto uleule tuuonao Rusumo, sasa ukiwa mpana na mtulivu, waelekea Ziwa Victoria. Kesho yake, Katunguru, tulivuka mfereji wa Kazinga, utiao maji ya Ziwa George katika Ziwa Edward. Nikawaeleza vijana kwamba maji ya Rwenzori yashukayo upande wa mashariki huingia Ziwa George, yakapita mfereji huo hadi Ziwa Edward, yakashika mto Semliki mpaka Ziwa Albert. Na maji ya Kagera, yakiisha kupita Ziwa Victoria, hutoka Jinja kwa jina la Nile, nayo hufika Ziwa Albert vilevile. Basi maji ya Ngara na maji ya theluji ya Rwenzori hukutana huko, yakaenda pamoja Sudani hata Misri.

Jambo hili wanachuoni wa Kiislamu walilichungua zamani sana. Mwaka 1154, katika kisiwa cha Sicily, Al-Idrisi alimaliza kitabu chake cha habari za nchi na ramani zake, alichomwandikia Mfalme Roger wa Pili. Katika ramani yake, ambayo kusini imewekwa juu, mto Nile waonekana ukianzia katika Jabal al-Qamar, yaani Mlima wa Mwezi, vijito vyake vikishuka na kuingia katika maziwa. Habari hiyo ilitoka kwa Ptolemy wa Iskandaria, na Waislamu wakaihifadhi. Hawakufika kwa miguu yao, na mengi ya ramani ile hayakuwa sahihi. Lakini waliuliza swali la haki: maji haya yatoka wapi? Vijana wa leo, tunywao maji bila kuuliza, twapaswa kuona haya kidogo.

SIKU MBILI ZA KWANZA

Safari ya mzunguko wa Rwenzori, anayoifuata mtu asiyepanda vilele vya barafu, huchukua siku 6 au 7. Huanza Nyakalengija, kijiji cha Wakonzo chini ya mlima, na sheria ya hifadhi yataka kila kundi liwe na kiongozi wa njia. Wetu alikuwa mzee wa Kikonzo aliyejifunza Kiswahili katika biashara upande wa Kongo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wapagazi walichukua chakula na masufuria, na kila kijana alichukua nguo na blanketi zake mwenyewe.

Siku ya kwanza tulipita mashamba ya mihogo na kahawa, kisha tukaingia msituni. Tuliwaona mbega weupe kwa weusi wakiruka juu ya miti, na kinyonga mwenye pembe tatu usoni ambaye vijana hawakuchoka kumtazama. Alasiri tulifika Nyabitaba, kiasi cha mita 2,650 juu ya bahari, mahali penye nyumba ya mbao ya wasafiri.

Siku ya pili tulivuka daraja lining'inialo, karibu na mahali mito Mubuku na Bujuku ikutanapo, tukapanda katika msitu wa mianzi, mawe yakiteleza kama sabuni. Juu ya mianzi nchi yabadilika kabisa. Kuna miti iliyopinda, imefunikwa kuvu nene laini, na ndevu za kijivu zaning'inia katika kila tawi. Ukungu wapita kati yake kimya kimya. Kijana mmoja alisema, "Mwalimu, hapa mtu hawezi kusema uongo." Sikujua alimaanisha nini, lakini nilimwelewa. Jioni tulifika John Matte, kiasi cha mita 3,400.

Niseme kidogo juu ya ibada, maana wengi wameuliza. Tulipunguza sala na kuzikusanya, kama alivyoruhusiwa msafiri. Kibla huko ni kaskazini, kwa kuelekea kidogo mashariki, karibu sawa na kwetu Ngara. Nasi tulikuwa na dira. Maji ya udhu ni baridi hata meno yauma. Hapo ndipo vijana walipoijua neema ya kupangusa juu ya khufu, ambayo walikuwa wakiisoma katika vitabu vya fiq'hi bila kuiona kazi yake. Msafiri ameruhusiwa siku 3 na nyusiku zake, maadamu amezivaa akiwa na udhu kamili; na mabuti yetu ya mpira, yapitayo kifundo cha mguu na yasiyopenyeza maji, yalitosha. Chakula kilikuwa ugali, maharage, dagaa na chai ya tangawizi, kimepikwa katika masufuria yetu wenyewe.

Usiku ule wa John Matte mzee yule wa Kikonzo alinijia nje, akasema, "Mwalimu, vijana wako wana nguvu, lakini wamepanda mbio. Kesho tupumzike hapa siku moja." Nikahesabu siku moyoni. Gari letu lilikuwa la kukodi, na kila siku ya ziada ilikuwa na gharama yake, na fedha zilikuwa za michango ya wazazi. Nikamtazama yule kijana wa Biharamulo, ambaye alikuwa akichota maji kwa niaba ya wote, nikasema, "Mzee, hawa ni watu wa milimani. Twende." Hakubishana nami. Hilo ndilo kosa langu.

USIKU WA ZIWA BUJUKU

Siku ya tatu tulipita kinamasi cha Bigo, ambapo mbao zimetandazwa juu ya tope ili mtu asizame. Pande zote yamesimama majani ambayo kwetu ni mimea ya goti, lakini huko ni miti: lobelia warefu kuliko mtu, wamesimama kama mishumaa, na senesio wenye vichwa kama kabichi juu ya shina. Mwenyezi Mungu ameipa mimea hii namna ya kujifunga majani yake usiku isiuawe na baridi. Alasiri ukungu ulipasuka, na mbele yetu tukaona Ziwa Bujuku, jeusi na tulivu, na juu yake milima ya Stanley, Speke na Baker imeinama pande tatu, nyeupe vichwani. Vijana walitoa takbiri. Wawili walilia, wala sikuwaonea ajabu, kwani mimi mwenyewe nilikuwa nageuza uso.

Nyumba ya Bujuku iko kiasi cha mita 3,960. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi. Kila pumzi humpa mtu kama sehemu tatu kwa tano tu za oksijeni aipatayo pwani. Kijana wa Biharamulo hakula. Alisema ameshiba njiani. Nami nikapita.

Tulisali Magharibi na Isha kwa kukusanya, na kwa zamu yetu imamu wa usiku ule alikuwa ni yeye. Rakaa ya kwanza aliisoma vizuri. Katika ya pili alifika katikati ya Al-Fatiha akanyamaza. Kijana aliye nyuma akamkumbusha. Akarudi mwanzo, akanyamaza tena mahali palepale. Alipomaliza rakaa ya tatu, badala ya kuketi, alisimama. Tukasema Subhanallah. Hakuketi. Tukasema mara ya pili na ya tatu, naye amesimama tu, mikono imelegea, kana kwamba hatusikii. Tukanuia kumfariki, tukakaa, tukatoa salamu wenyewe. Nilipogeuka nilimwona ameegemea ukuta wa mbao, macho yako wazi.

Wasomaji wangu, kijana aliyehifadhi juzuu kadhaa hasahau Al-Fatiha.

Mzee wa Kikonzo aliingia na taa. Akamwambia kijana atembee juu ya ubao mmoja wa sakafu, kisigino mbele ya kidole, kama mtoto achezavyo. Hatua ya kwanza, ya pili; ya tatu akaanguka. Mzee akanigeukia, akasema, "Mwalimu, huyu asubuhi isimkute hapa."

Ugonjwa huu wa kimo hauchagui. Waweza kumpata mtu yeyote apandaye upesi kupita kiasi cha mita 2,500, mwenye nguvu na dhaifu sawasawa. Pengine mwenye nguvu zaidi, kwa kuwa yeye ndiye akimbiaye. Huanza kwa kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu na kukosa usingizi. Mtu akipumzika hapohapo alipo bila kupanda zaidi, mara nyingi hupona. Lakini akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, maana yake maradhi yamefika katika ubongo. Na akihema hata akiwa ameketi, yamefika mapafuni. Hapo dawa ya kwanza ni kushuka, usiku huohuo, wala si kungoja kuche.

Nikamkabidhi mwalimu mwenzangu uamiri wa vijana waliobaki. Wote walitaka kushuka nasi. Nikawakataza, maana watu wengi gizani ni hatari juu ya hatari. Mmoja hakukubali: kijana wa Ngara aliyekuwa akimtania mwenziwe safari nzima kwa miguu yake ya tambarare. Alikwisha vaa mabuti, na shanta mbili amezifunga pamoja mgongoni. Akasema, "Mwalimu, nipige, lakini nashuka naye." Nikamruhusu.

Tuliondoka saa tatu usiku: mgonjwa, kijana yule, mimi, msaidizi wa kiongozi na wapagazi wawili wa Kikonzo. Mahali penye mbao nyembamba tulimpitisha mmoja mbele na mmoja nyuma, wamemshika mkanda. Mahali pa mawe wapagazi walimbeba mgongoni kwa zamu, na watu wale si wa dini yetu wala wa nchi yetu, nao hawakulalamika hata mara moja. Mwenyezi Mungu awalipe. Kila baada ya mwendo kidogo nilimuuliza jina la mama yake. Mara akanyamaza, mara akataja jina la mchezaji wa timu yao. Mvua ya barafu ilitupiga kinamasini. Nilikuwa nikisikia sauti ya mama yule masikioni, "nami nitakudai," na kila hatua ilikuwa deni.

Tulipokwisha kushuka sana, tukaingia tena katika miti yenye ndevu, sauti ikatoka mgongoni mwa mpagazi: "Shanta yangu iko wapi?" Kijana wa Ngara akajibu, "Ninayo mimi, ewe mtu wa tambarare." Na mgonjwa akacheka kidogo. Sijapata kusikia kicheko kitamu kama kile.

Tulifika John Matte saa nane usiku. Alfajiri niliwasalisha, yeye akisali kwa kuketi. Tulipomaliza aliniambia, "Mwalimu, jana niliwaharibieni sala." Nikamwomba anisomee sura yoyote aitakayo. Akasoma Adh-Dhuha kutoka mwanzo hata mwisho, polepole, bila kukwama. Nikajifunika uso kwa kitambaa.

Kisha alikiri. Kichwa kilianza kumuuma palepale John Matte, siku moja kabla. Chakula chake alimpa mwenziwe kwa siri. "Niliogopa watasema Biharamulo imeshindwa," alisema. Nami nikamwambia la kwangu: kwamba mzee alinishauri tupumzike nikakataa kwa ajili ya fedha. Tukasameheana.

MAZIWA NISIYOYAONA

Sisi tulishuka hadi Nyabitaba, kisha Nyakalengija, na daktari mjini Kasese akampima kijana akasema amepona. Wenzetu sita waliobaki waliendelea na safari na mwalimu wao na yule mzee. Kwa hiyo haya yafuatayo nayaandika kwa masimulizi yao.

Asubuhi walipanda bonde la senesio hadi mwanya wa Scott Elliot, kiasi cha mita 4,370, penye mawe matupu na upepo, kisha wakashuka upande wa pili. Chini ya majabali, kati ya milima ya Stanley na Baker, waliyakuta maziwa mawili ya Kitandara yamekaa karibu karibu. Wasema maji yake ni ya kijani iliyoiva, na upepo ukitulia mlima wote waonekana ndani yake, kichwa chini. Walisali Adhuhuri na Alasiri ukingoni. Kesho yake walivuka mwanya wa Freshfield, kiasi cha mita 4,280, wakaona kwa nyuma barafu ya Stanley na upande wa magharibi nchi ya Kongo ikipotea katika mawingu. Wakapita Bujongolo, jabali ambalo chini yake msafara wa mwana wa kifalme wa Italia, Mtemi wa Abruzzi, ulipiga kambi mwaka 1906 ulipopanda vilele vya juu kabisa.

Barafu waliyoiona ni mabaki. Mwaka huo wa 1906 barafu ya Rwenzori ilienea kiasi cha kilomita 7 za mraba. Ilipopimwa mwaka 2003 ilikuwa imebaki kiasi cha kilomita 1 tu, nayo yazidi kupungua, kwa kuwa dunia imezidi joto. Mzee wa Kikonzo aliwaonyesha majabali matupu akasema kwamba alipokuwa kijana palikuwa peupe. Huenda wajukuu wetu wataisoma theluji ya Milima ya Mwezi kama sisi tusomavyo ramani ya Al-Idrisi.

Walipofika Nyakalengija siku ya saba, kijana mmoja alitoa chupa shantani. Ilikuwa imejaa maji ya Kitandara. Hakusema neno, alimpa yule wa Biharamulo. Naye akasema Bismillah, akanywa nusu, na nusu akampa mwenziwe wa Ngara aliyemshusha.

DENI LA MAMA

Tulipofika Biharamulo nilikwenda kwa mama yake kwanza, kabla ya kwenda kwangu. Nikamweleza yote mbele ya mwanawe, pamoja na shauri nililolikataa. Mama akanyamaza kitambo, akigeuza maandazi katika mafuta. Kisha akauliza, "Usiku ule, alipokuwa hajijui, nani alikuwa kando yake?" Nikamwonyesha kijana wa Ngara. Akamwita, akamtazama sana, akamfungashia maandazi ya kutosha njia nzima. Kwangu akasema, "Mwalimu, ungenificha ningekudai mpaka kiyama. Umesema, basi nimepokea amana yangu." Tena akaongeza, "Lakini mara nyingine, wakikwambia pumzika, pumzika."

Hilo ndilo jibu langu kwa swali la pili. Na jibu la swali la kwanza limo ndani yake. Vijana walikwenda kuona maziwa, wakarudi wamejua mambo ambayo nisingeweza kuwafundisha ubaoni: kwamba mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye dhaifu, kwamba ndugu hujulikana gizani, na kwamba mwili ni amana, na kuuficha ugonjwa kwa ajili ya sifa ni kuivunja amana hiyo.

Enyi wazazi, msiwazuie watoto wenu kutembea katika ardhi ya Mwenyezi Mungu. Waulizeni tu waalimu wao maswali haya kabla ya kuwakabidhi: kundi litapumzika siku ngapi? Nani ana mamlaka ya kusema turudi? Fedha ya siku ya ziada imewekwa? Mwalimu asiyeweza kujibu, mwambieni angoje mwakani. Yafaa ajue pia kwamba mtu akivuka mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku 3 au 4 kuwe na siku ya mapumziko.

Na wewe kijana, ikiwa huna nauli ya kwenda Uganda, panda mgongo wa mlima ulio nyuma ya nyumba yenu na wenzako, kwa idhini ya wazazi, na shanta yenye maji, chakula na nguo kavu. Teueni amiri. Salini kwa wakati wake. Na kichwa kikikuuma, sema.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu na wa majini, awalipe kheri wale waliotubebea mwana wetu usiku ule, na atupe viongozi wasikiao shauri kabla ya kujuta. Amin.